Nusu Saa ya Maji

Jumatano, soko la wanawake likishatawanyika,
tunakaa nyuma ya duka la Shinuna mshonaji,
wanane, wakati mwingine watano,
mkeka juu ya vipande vya kitambaa,
chupa ya kahawa, tende, mashine ya baridi inayokohoa.
Jina hatuna. Katibu hatuna.
Mtaani wanatuita wafukua makaburi.

Mimi niliingia Ibra nikiwa na miaka sita,
Kiswahili cha barazani mdomoni.
Zamzam binti Farajala alikuja na cha jikoni.
Tulisoma darasa moja, tukaazimana chumvi.
Arusini kwetu alikuja kupika;
kwao mimi sikwenda kabisa.

Baba alikuwa akisema "watu wetu"
kwa sauti ileile ya "mbuzi wetu",
nami nikicheka naye, miaka arobaini.

Siku ya kwanza tulileta pole.
Nililia. Nilikuwa nimejiandaa kulia.
Zamzam akanipa kipande cha kitambaa,
akangoja nimalize, akauliza:
"Na falaji?"

Babu yake alishushwa chini ya ardhi kwa kamba,
akapakua matope kwa kikapu, misimu na misimu,
akapanda juu na kifua ambacho hakikupona.
Daftari la maji linajua kila nyumba:
huyu saa tatu, yule saa moja na nusu,
msikiti una zamu, hata mtende wa wakfu una zamu.
Farajala hayumo.
Ndimu za Zamzam hunywa kwa ndoo.

Basi tukaacha kulia, tukaanza kuhesabu.
Thuraya alinakili daftari kwa penseli.
Tulibisha hodi nyumba kumi na moja:
tisa zilitupa kahawa,
moja ilitupa mlango,
na ya mwisho, ya kaka yangu Hilali,
ilitwambia tunaamsha yaliyolala.
"Yaliyolala?" Zamzam akasema.
"Mie ndiye niliyekesha nayo."

Nilichoweza kutoa ni kilicho changu,
urithi wa mama:
nusu saa, Alhamisi, saa tisa ya usiku.
Wakili wa falaji alishika kalamu kama ameshika nge.
Akaandika: sadaka.
Zamzam akaweka kidole juu ya neno.
"Futa."
Akafuta. Akaandika: haki.
Wino wa kwanza bado unaonekana chini yake.

Usiku ule tulikwenda na tochi.
Nikachomoa jiwe na matambara mdomoni mwa mfereji.
Maji yakasita,
kama mgeni asiyejua avulie wapi viatu,
kisha yakapita chini ya ukuta wake.
Nilingoja aseme neno.
Alikuwa anatazama saa.

"Umechelewa kufungua dakika nne," akasema.
"Wiki ijayo utanilipa."

Nikaandika kiganjani: nne.