Mikanda Niliyoizika

Mimi ni fundi wa kava za siti, Majengo, Moshi,
kibanda cha tatu ukitoka kwa wauza betri.
Miaka ishirini na miwili nawashonea watu raha:
reksini nyeusi, uzi mwekundu,
jina la mwenye gari kwenye egemeo la kichwa.

Kila Desemba, watu wa mlimani wakirudi kutoka Dar,
magari yakipangana hadi mtaroni,
nasikia neno lilelile:
"Fundi, hiyo mikanda ya nyuma ifukie chini,
inawachoma abiria mapaja."
Nami nafukia.
Sindano haiulizi.
Hela ya Krismasi nayo haiulizi.

Juzi kaja Ndeonasia, mwalimu wa Kibosho,
na Noa niliyoivika mwenyewe.
Mgongoni mtoto, mkononi kiti cha mtoto, cha mtumba,
kakinunua Memorial kwa bei ya jozi mbili za viatu.
Nikakigeuza, nikatafuta ufa. Hakina.
"Fundi," akasema, "naomba mikanda yangu,"
kama mtu anayedai kihamba cha babaye.

Nikashika wembe.
Mshono wangu, nikaukata mwenyewe.
Chini ya sponji, kaburi zima:
maganda ya karanga, sarafu ya shilingi mia,
kibanio cha nywele, risiti ya mafuta ya mwaka juzi,
na kifungio, bado chekundu.
Nikauvuta mkanda, ukaja taratibu, ukinuka vumbi na maziwa,
mpya, haujamfunga mtu hata siku moja.
Nikauvuta kwa ghafla.
Ukagoma. Ukashika.
Miaka yote ile kizani, na bado unajua kazi yake.

Ningemwambia nini? Kwamba nami niliwahi kuamini mikono?
Mwaka ule tunapanda Rombo kula ndafu,
Anaeli wangu mapajani, siti ya mbele, ana miaka miwili,
nimemkumbatia kama mkungu wa ndizi.
Himo tumeshapita. Mbuzi akakatiza.
Dereva akakanyaga breki, wala hatukuwa tunakimbia.
Mikono hii, inayovuta reksini hadi ilie,
ikafunguka kama karatasi iliyoloa.
Sikumwachia.
Aliondoka tu.
Dashibodi ikampokea.

Yupo, mzima, kidato cha nne.
Ana kovu juu ya nyusi, kama mshono nilioukosea.
Akiwaza hesabu hulipapasa.
Mimi hutazama pembeni.

Basi tukakifunga kiti, mimi na mwalimu,
kikitazama nyuma, maana Aikande hajatimiza hata mwaka.
Nikakikandamiza kwa goti, nikakaza mkanda kwa uzito wangu wote,
nikakitikisa: gari zima likayumba, chenyewe hakikusogea.
"Kwanza tumvue hili koti," akasema mwalimu.
"Baridi ya Kibosho naijua,
lakini blanketi litakaa juu ya mkanda, si chini yake."
Nikajaribu kuufinya utepe begani kwa mtoto.
Haukufinyika.

Mtoto akalia. Akalia kwelikweli,
hadi wauza betri wakageuka.
"Jamani, mbebe tu huyo! Mnamtesa bure."
Ndeonasia alikuwa anaufunga wa kwake,
anaupitisha chini ya tumbo, juu ya nyonga,
maana ana mwingine njiani.
Hakuinua hata uso.
"Acha alie," akasema. "Anayelia namsikia."

Sasa nimetundika kipande cha boksi mlangoni:
HAPA MIKANDA HAIFUKIWI.
Wateja wawili wamesoma, wamecheka,
wamekwenda kwa Kiwia, mbele kidogo. Yeye anafukia.
Desemba inakaribia.
Nimenunua wembe mpya,
na nina daftari lenye simu za wote niliowavika magari.
Nimeanza na herufi A.
Wa kwanza hakupokea.
Nitampigia tena jioni.