Chonge ya Mama

Nyuso zao sizioni.
Hunijia vinywa tu, vya plasta,
vimeviringishwa kwenye sponji,
namba juu yake kwa penseli ya bluu.
Daktari Szendrei hupokea wagonjwa ghorofa ya tatu,
penye viti vya ngozi na samaki wa mapambo.
Mimi niko chini, ubavuni mwa boila,
na koleo zangu sita na taa iliyopinda shingo.

Nusu ya Miskolc naijua kwa magego.
Muuza maua husaga meno usiku.
Dereva wa tramu alinyonya kidole hadi alipoota ndevu.
Yule diwani anayetabasamu kwenye mabango
ana jino moja limelala chali kaakaani,
kama mlevi aliyepoteza ufunguo.
Najua, nasaga plasta, nanyamaza.

Baba alikunja vyuma vya reli kule Diósgyőr.
Tanuri lilipozimwa alirudi na birika lake la chai
na mikono isiyojua pa kukaa.
Siku moja aliinua waya wangu dirishani, akauliza:
“Na hiki kinasukuma nini?”
Mfupa, nikamwambia.
Alicheka mpaka akakohoa.
Lakini ndivyo. Mfupa hushindana na nyundo;
subira huipisha njia.

Jumatatu ikaja namba 4117.
Msichana, miaka kumi na mmoja, taya la juu jembamba.
Nikafungua sponji, nikaketi.

Chonge ya kushoto imetokea juu, imegeuka kidogo,
kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia.
Chonge ile naijua.
Niliiona ikikata uzi wa kushonea,
ikibaki nje ya mdomo mama alipopitiwa na usingizi,
redio ikisema peke yake.
Tulimzika nayo.

Huku kwetu kila fomu huuliza jina la mama,
lile la kabla ya ndoa.
Nikageuza karatasi. Mtoto: Boróka.
Mama: Etelka, na jina la ukoo ambalo ni langu.

Miaka kumi na miwili hatujasemezana,
kisa nyumba ya vyumba viwili
na mizabibu iliyokufa kwa baridi hata kabla ya hukumu.
Ulimi na meno hugombana, watu husema,
kisha hulala kinywa kimoja.
Sisi tulihama kinywa.

Basi nikafanya kazi.
Nikakunja vishikio vinne vya magego,
nikapanda skrubu katikati, nikamwaga akriliki.
Mtoto alichagua kijani chenye vumbi la kumetameta.
Vumbi nikalizidisha.
Kingo nikazisugua, nikazipima kwa ngozi ya ndani ya kifundo,
mahali ambapo si rahisi kudanganyika.

Kila jioni mtu mzima atashika ufunguo mdogo,
mtoto atafumbua kinywa chini ya taa ya jikoni,
na skrubu itazungushwa robo. Robo tu.
Maelekezo yapo kwenye kikaratasi;
hayasemi nani alitengeneza.
Etelka, aliyezirudisha barua zangu mbili bila kuzifungua,
kila jioni ataingiza vidole kwenye kazi yangu.

Taya litapanuka. Chonge itashuka,
itapanga foleni, itakuwa jino kama meno mengine.
Ndicho tunacholipwa. Na mtoto apate,
atafune, acheke bila kiganja mdomoni.
Ila kile kipande cha mama kilichobaki duniani,
mimi ndiye ninayekinyoosha.

Niliwaza kukwaruza herufi moja chini ya akriliki.
Sikukwaruza.

Plasta nimeiweka kwenye rafu juu ya boila,
si mahali pake,
chonge ikitazama mlango.

Jana daktari aliniulizia 4117.
Bado, nikasema. Ilikuwa tayari tangu Jumatano.
Leo nimeipandisha mwenyewe, ngazi kwa ngazi,
lifti ikiwa nzima.
Nyuma ya kioo kulikuwa na koti la kijivu,
na namna ya kuinamisha bega ninayoijua.
Nikampa nesi kisanduku.
Nikasimama kidogo,
kama mtu aliyesahau kilichomleta.