Chupa ya Kumi na Nne

Masizi, alisema mama nilipomwonyesha picha.
Masizi tu, kama ya koroboi la bibi kule Kibosho,
yale tuliyoyasugua sufuriani kwa majivu na mchanga.
Sikumbishia. Ni masizi kweli,
ila haya yamejikunja: atomi sitini za kaboni,
pembetano kumi na mbili, pembesita ishirini,
mpira mzima uliojishona bila sindano,
bila hata tundu la kujazia upepo.

Ndani ya toluini, ukiwa peke yake, huwa zambarau.
Nikaupachika mkia. Februari nzima iliishia humo.
Ukageuka rangi ya chai iliyochemka mno,
na Dakta Nanyaro akasema: sasa usiulazimishe.
Vichwa hupenda vichwa, mikia hupenda mikia.
Vipe nafasi.

Mimi ni mtoto wa fundi seremala, nimezoea kulazimisha.
Nilipasha moto. Nilikoroga. Nilitikisa kwa mashine usiku kucha.
Chupa kumi na tatu:
uji, uji, utando,
unga mweusi usio na adabu.

Ya kumi na nne niliisahau.
Alhamisi Kuu umeme ulikatika Tengeru yote,
jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza,
na simu ikaita: shangazi Apolonia hatunaye.

Msibani hakuna aliyesoma orodha.
Wenye panga walielekea mgombani,
wenye visu wakaketi duara kumenya,
mtu akabeba maji, mtu akahesabu sahani,
na kijana nisiyemjua akaliwamba turubai
kama aliyezaliwa akiishika ile kamba.
Nilisimama na ndoo tupu,
mpaka nikajikuta nimeketi, na kisu mkononi.

Siku tisa. Niliporudi
toluini ilikuwa imepaa taratibu kupitia kizibo,
na kwenye ukuta wa chupa, vigae vyeusi,
bapa, vyenye kingo kali, viking'aa
kana kwamba kuna aliyevikata.

Eksirei ikatupa ramani yake:
tabaka la mipira, tabaka la mikia, tena mipira,
mikia imepitana kama vidole vya mikono miwili.
Na katikati, bila kutarajiwa,
molekuli moja ya toluini haikutoka,
mgeni aliyekosa gari la jioni
akatandikiwa papo hapo.

Rudia, amesema Dakta Nanyaro, kwa utaratibu uleule.
Nimeshika kalamu, daftari liko wazi.
Kwenye safu ya njia niandike nini?
Umeme ukatike. Shangazi afe.
Chupa isiguswe.