Takriban

Programu haijui "hapo kale".
Inataka siku, mwezi, mwaka:
visanduku vitatu vyeupe vinanitazama
kama wageni waliokataa kuketi.

Shule imeagiza ukuta wa historia,
mita kumi na mbili, tangu mlima hadi mahafali.
Naanza na Shira, alipoanza kutapika moto.
Naandika milioni mbili na nusu. Inakataa.
Naweka alama ya kutoa mbele. Inakubali,
kisha yenyewe, bila kuulizwa, inaongeza:
tarehe mosi Januari,
saa sita kamili za usiku.

Nacheka peke yangu ghorofani.
Chini wanashusha mlango wa chuma wa duka la madaftari.
Mlima umezaliwa Mwaka Mpya!
Pengine palikuwa na soda.

Wiki hii nimejifunza
kwamba kati ya mwaka wa kwanza kabla ya Kristo
na mwaka wa kwanza baada yake
hakuna sifuri, hakuna hata kizingiti;
unavuka kwa kuruka, kama mto Karanga wakati wa kiangazi.
Na kwamba kuna kitufe kidogo, kimejibanza pembeni,
kimeandikwa "takriban".
Ukikibonyeza, nukta yako inalainika,
inakuwa ukungu, inatanda miaka elfu huku, elfu kule,
na hakuna anayekuita mwongo.

Simu. Fundi Kisanga, kutoka Pasua.
"Dada Ndeshi, msalaba umekauka.
Jina nimechonga, siku ya kufa nimechonga.
Ya kuzaliwa je?"

Bibi Aikaruwa alisema nzige.
Walitua mgombani, jua likapotea,
mama yake akiwa na mimba ya kuonekana.
Akazaliwa kahawa imechanua, kihamba kizima cheupe,
mwaka uleule, au uliofuata,
hilo hakuapa.
Kitambulisho kikasema mosi Januari 1932.
Karani aliuliza mara moja, hakuinua macho.
Basi kila Mwaka Mpya tulimwimbia,
naye alipiga makofi pamoja nasi
akimshangilia huyo mtu mwingine.

"Andika takriban," namwambia fundi.
"Takriban nini?"
"Takriban 1932."
Kimya. Nasikia akihesabu kwa kidole juu ya mbao.
"Herufi nane hizo, dada.
Nafasi niliyobakiza ni ya nne."

Narudi kwenye skrini.
Baada ya Shira, baada ya reli kufika Moshi,
naingiza tukio ambalo shule haikuagiza:
Nzige. Maua ya kahawa. Mtoto wa kike.
Siku naiacha wazi. Mwezi nauacha wazi.
Programu inajaza mosi Januari.
Nafuta.
Inajaza.
Nafuta.