Chini, Kushoto

Wiki ya kwanza niliishika kama chai:
kulia kikombe, kushoto kisahani.
Veijo, mwenye funguo za kibanda cha klabu,
akaniuliza kama nahitaji na sukari.
Risasi ilipotoka kikombe kiliruka,
kisahani kikabaki chini kinashangaa.

Wiki ya pili nikapandisha gumba juu ya gumba
nyuma ya bastola, kama mtu aliyezoea kanisa.
Slaidi ikarudi na kunichana
pale penye ngozi laini, chini ya gumba.
Damu kidogo, theluji kidogo.
Nikanyonya kidonda nikitazama ukuta wa kokoto
na karatasi yenye matundu saba,
yote chini, kushoto.

Kila mtu Kainuu ana dawa ya mikono yangu.
Kaza kama unakamua tambara la deki.
Usikaze, shika kama nyundo.
Sukuma kwa kulia, vuta kwa kushoto, alisema fundi wa matrekta,
na Pinja, mwenye miaka kumi na tisa na medali chumbani,
akasema bila kuinua macho:
kushoto ndiko kunakofanya kazi, mama,
kulia ni abiria.

Mimi nimekamua ng'ombe miaka kumi na minne kwa mkono
kabla mashine haijafika zizini.
Hicho ndicho kinachoniponza.
Kidole cha shahada kikivuta
wenzake wote wanafuata, wakidhani ni chuchu,
na mtutu unainama kunusa ardhi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini nani atawafundisha wale wengine kunyamaza?

Bastola ni ya Ensio. Ubao wa mpini
umelika kwa kiganja chake, si changu.
Tangu kiharusi, mkono wake wa kushoto
hulala mapajani kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.
Wiki tatu alikaa garini na chupa ya kahawa,
kioo kimeshushwa nusu,
akihesabu matundu yangu kwa darubini. Kimya.

Wiki ya nne akataka asukumwe hadi mstarini.
Magurudumu yakazama kwenye kokoto, tukamnyanyua.
Toa magazini, akasema. Nionyeshe chemba.
Tupu. Nionyeshe tena.

Akaishika kwa kulia, juu kabisa ya mpini,
mpaka nyama ya kiganja ikajikunja chini ya slaidi.
Haya, huku kushoto kumebaki nini?

Kimebaki kipande cha ubao,
upana wa vidole viwili,
ambacho mkono wake haukukifikia.

Basi weka kiganja chako hapo.

Nikachutama ubavuni pake, goti kwenye theluji.
Kitako cha kiganja kikaziba ule uwazi,
vidole vyangu vikalala juu ya vyake,
cha shahada kikabana chini ya kikingio,
gumba langu mbele ya gumba lake,
yote mawili yakielekea shabaha.
Inamisha kifundo. Zaidi. Kama unamwonyesha mtu njia.
Kaza wewe, akasema. Mimi nitavuta.

Tak.

Kilengeo hakikutikisika.
Akavuta tena. Tak.
Tangu Februari hatukuwa tumeshikana
isipokuwa kwa kuvishana soksi,
na hata sasa hakuna aliyelitaja hilo.
Pumzi yake ilinuka kahawa na dawa ya kikohozi.
Akavuta mara ya kumi na moja, nadhani,
mpaka Veijo akakohoa akatazama saa.

Nikasimama. Nikapakia risasi tano.
Kulia kwangu kukajifanya kwake,
kushoto kukakaza kama dakika ile moja iliyopita,
na shahada, peke yake, ikarudi nyuma taratibu.
Maganda yakalia kwenye barafu.

Ensio akashusha darubini.
Nne ndani, akasema.
Halafu, baada ya kupangusa lenzi kwenye goti:
Ila yule ng'ombe mmoja
bado unamkamua.