Mizani ya Barabara ya Kumi na Tatu

Leo nimefuta tena kanuni ya moto,
mara ya tisa. Karatasi imetoboka.

Fundi Semkiwa hutuachia ufunguo wa banda lake,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani:
meza ndefu ya kukatia vitambaa, chaki,
vifungo ndani ya kopo la maziwa
(vyeusi majini, vyeupe sisi)
na dadu mbili, moja imetafunwa pembe na mwanawe.
Mimi ndiye msimulizi. Ulimwengu wangu,
na kila Ijumaa watu wanne wananidai haki.

Zainatu ni mchawi wa kitabu.
Amekesha, amekariri kurasa mia,
lakini kila uchawi akiutamka mara moja
unafutika kama chaki kwenye nguo iliyofuliwa.
Shekiondo amezaliwa nao:
hana kitabu, hana chuo, akipiga chafya paa linaungua.
Bi Mwanamkuu ni mganga. Anaponya,
na hakuna anayemkumbuka mpaka siku asipokuja.
Na Hoza.
Hoza ana panga.

Panga ni panga. Jana lilikata, kesho litakata.
Daraja la kwanza alitubeba sote mgongoni.
Daraja la tano alikuwa bado mtu.
Daraja la tisa Shekiondo aliinua kidole kimoja
na jeshi zima la mikonge iliyoota miguu likawa majivu.
Zamu ya Hoza ilipofika, akasema,
"Mimi nafagia."

Tulicheka. Nilicheka nami,
nikaenda kulala na kicheko kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nikapunguza moto: Shekiondo akanuna,
eti nimemnyoa bila maji.
Nikampa Hoza panga linalowaka:
"Kwa hiyo nami mchawi sasa, ila wa kuazima?"
Nikaamuru uchawi unywe damu ya mwenyewe:
Bi Mwanamkuu akavua miwani.
"Nimetoka zamu Bombo, nimekuja kupumzika,
nawe unanipangia zamu nyingine."

Dukani kwa Faki nilinunua sukari robo.
Upande jiwe, upande sukari,
anaongeza chembe, anapunguza chembe,
na kidole chake kidogo kimeegemea sahani, kidogo tu.
Nikasahau chenji. Mizani!

Ijumaa ikafika, nikatangaza:
hakuna uchawi bila shairi.
Mizani nane, cheche. Kumi na sita, moto.
Ubeti mzima, ruhusa kuangusha mlima.
Ukipotea njiani, moto unakurudia.

Zainatu akahesabu kwa vidole, akafuta, akahesabu.
Shekiondo akasimama kwa mbwembwe,
akakwama kwenye mizani ya kumi na tano;
nyusi zikamuungua.
Na Hoza, ambaye tangu masika ya mwaka juzi
hajasema neno refu kuliko "nakata",
Hoza wa kiwanda cha magunia, viganja kama brashi,
akalaza panga mezani, hakuhesabu kitu:

*Ewe jini wa Amboni, toka uje nikuone,
Sina kitabu kichwani, sina nyota ya wengine,
Nina panga mkononi, na njaa ya siku nane,
Nishachoka kufagia, leo mimi nitachoma.*

Nilipekua kanuni zangu, mbele, nyuma.
Hapakuandikwa popote kwamba panga halitungi.
Akarusha dadu, ile iliyotafunwa.
Kifungo cheusi kikubwa kuliko vyote,
cha koti la marehemu fulani,
kikadondoka chini ya cherehani.

Walipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha Shekiondo, akipapasa nyusi zake zilizo nzima:
"Sasa huyu ana panga, na ulimi anao.
Hii mizani gani?"

Ana haki. Ndiyo maana niko macho saa hizi,
kifutio mkononi, karatasi ina tundu
ninaloweza kupitisha kidole.
Mizani ya kina Zainatu nimeipima, nikaipima tena.
Na kidole changu kidogo, nakiona,
kimeegemea sahani ya Hoza.

Nakiacha.