Maji Yasiyolala

Tulitoka Kadutu kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo.
Bomba la mtaa lilikuwa na siku ya kumi na moja
halitoi hata mate,
madumu ya njano yamejipanga foleni yenyewe
kama watoto waliosahauliwa shuleni.
Shemeji Cirhuza alibeba mkate, parachichi mbili
na simu aliyoichajisha dukani kwa faranga mia tano.
"Leo," akasema, "tukaone maji yanayomwagika bure."

Pikipiki ilituacha Kabare, penye soko la karoti na puaro,
ukungu umekaa juu ya migomba kama maziwa yaliyoganda.
Hapo tukampata Nshobole,
buti zake za mpira hazifanani, moja nyeusi, moja kijani.
Alikubali kutuongoza kwa bei ya gunia moja.
"Leo ni siku yangu ya makaa," alisema,
"nanyi mmeinunua."

Njia ile huipandi, inakupanda wewe.
Udongo unakuvua kiatu, unakirudisha ukipenda.
Cirhuza akaanguka, akacheka.
Akaanguka tena, tukacheka sisi.
Mara ya tatu hakuna aliyecheka; tukakaa, tukagawana parachichi.
Nyuma yetu Ziwa Kivu lilikuwa shuka la buluu
lililoanikwa likiwa bado limekunjwa,
na Bukavu nzima, na mabati yake na madeni yake,
ingeenea mfukoni.

Tulivuka shamba la kinkina lililoachwa,
miti imechunwa maganda hadi ubavuni.
Tulivuka kijito juu ya gogo la mkaratusi,
Nshobole mbele, mikono nyuma,
kichwa amekiinamisha
ingawa hakubeba kitu.
Nikamwuliza: shingo inauma?
Akajigusa paji la uso,
pale mugozi ulipochimba mfereji
tangu alipokuwa na miaka kumi na minne.
"Shingo haijaambiwa kwamba leo ni likizo."

Tuliyasikia kwanza kwa nyayo.
Kisha majani yakatetemeka bila upepo,
kisha baridi, kisha harufu ya jiwe,
kisha ukuta mweupe
ukiporomoka
bila kumaliza kuporomoka.
Cirhalala, ndivyo wanavyoyaita pale: hayalali.

Cirhuza alipiga picha arobaini, zote zikameza mvuke.
Mimi nililiita jina la mama kwa sauti yangu yote
na sikulisikia hata mimi mwenyewe.
Kisha, aibu yangu, nikaanza kuhesabu madumu:
dumu moja kabla jicho halijafumba,
mtaa wote umekunywa kabla padri hajamaliza matangazo.
Mtu wa Kadutu haoni maji, anaona foleni.

Nshobole alikuwa pembeni, ameyapa maji mgongo,
karibu na jiwe lililolainishwa na wabebaji.
"Hapa ndipo tunaposhusha," alisema. "Dakika tano.
Tunapoza shingo, tunafunga kamba upya.
Ukizidisha, giza linakutangulia kwenye daraja."
Umeshafika hapa mara ngapi?
Alivunja kijiti. Akakivunja tena.
"Nimepita kila wiki, miaka tisa.
Kufika, bado."

Kisha akageuka, polepole,
kama mtu anayegeuka na mzigo asiotaka kuumwaga.
Akainua kidevu. Shingo ililia kidogo,
bawaba ya mlango wa nyumba isiyo na watu.
Macho yakapanda povu, yakapanda jiwe, yakapanda mizizi,
hadi juu kabisa, msitu unapoyaachia maji.
"Kumbe," alisema,
"yana kichwa."

Usiku ule bomba la mtaa lilikohoa mara moja, likanyamaza.
Cirhuza alifuta picha, moja baada ya nyingine,
akaibakiza moja:
kisogo cha mwanamke, kidevu juu.
Maji hayaonekani.